Uzi: Kuchagua mgahawa wa samaki Zanzibar, anza na bahari ndipo uende kwenye menyu

Dalali wa Diko (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kila likizo ikikaribia naulizwa swali lile lile: "Tunashuka Zanzibar na familia, samaki mzuri tukale wapi?" Leo nimeamua kuandika yote mahali pamoja. Mwenye la kuongeza aongeze, mwenye kupinga apinge.

Nimenunulia samaki majiko ya hoteli za Nungwi, Paje na Jambiani kwa miaka. Nimesimama kwenye mnada alfajiri, nimebishana na wapishi, na najua sahani ipi ilitoka dikoni, wavuvi wanaposhushia samaki, asubuhi na ipi ilitoka kwenye friza la wiki juzi. Sitasema mgahawa huu ni bora kuliko ule. Mpishi anahama, mwenye mali anauza, halafu mwakani mtanilaumu mimi. Nitawapa njia ya kuupima mgahawa wowote, hata mkienda Mafia au Tanga.

Anza na upepo. Kaskazi, tuseme Desemba hadi Machi, bahari ina utulivu na vyombo vidogo vinatoka nje ya mwamba. Hapo jodari, nguru na kolekole wanaingia kwa wingi na bei inalegea. Kusi ikishika, hasa Juni na Julai, mwenye ngalawa anaamka, anatazama mawimbi yanavyovunjika mwambani, anarudi kulala. Samaki wanaopatikana zaidi ni wa ndani: changu, tasi, pono, wa madema, ile mitego ya kusuka, na mishipi ya karibu. Sasa wewe unafika Julai, upepo unapeperusha vitambaa vya meza, na menyu inakuahidi jodari, nguru, kamba mawe, ngisi, kaa na pweza, vyote "vya leo". Jiulize ni nani aliyekwenda kuvileta.

Halafu mwezi. Boti za taa hufanya kazi giza la mwezi, maana dagaa, vibua na ngisi hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu bahari yote ina mwanga, taa haivuti kitu, mabaharia wanapumzika na kushona nyavu. Ukitaka ngisi wa usiku wa jana, tazama mbingu kwanza.

Pweza ana kalenda yake. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au ukiandama na siku mbili tatu zinazofuata, maji ya Paje, Bwejuu na Jambiani yanapwa mbali mno, na kupwa kwenyewe hufika mwisho kwenye saa nne, saa tano asubuhi. Wachokoaji, wengi wao akina mama, wanatoka na vyuma vyao kupekua mashimo ya mwambani, na adhuhuri pweza yuko ufukweni. Huyo ndiye wa kuliwa jioni ile ile. Maji mafu yakiingia mwamba haukauki vizuri, wengi hawatoki, na pweza atakayekuja mezani huenda ni wa akiba.

Ukifika kwenye mgahawa usikae. Uliza ukiwa umesimama: "Leo kimeingia nini?" Mhudumu wa mahali pazuri atakutajia na visivyokuwepo: "Leo tuna changu na pweza, ngisi hakuna." Hilo "hakuna" ndilo ninalolitafuta mimi. Anayejibu "kila kitu kipo, karibu" namshukuru, napita.

Kisha omba kumwona samaki mzima. Apimwe mbele yako. Bei kamili, pamoja na wali au chipsi na kodi, itajwe kabla jiko halijawashwa. Elewaneni anapikwaje. Hayo yakiisha ndipo ukae ufurahie upepo.

Na ukiambiwa usubiri saa nzima, usinune. Mara nyingi kijana ametumwa dikoni au kwa jirani mwenye barafu. Mimi nina wasiwasi na kamba mawe anayefika mezani kwa dakika kumi.

Naomba kuwasilisha.

Sato wa Kirumba

Mkuu heshima kwako. Sisi wa Mwanza tukimwona sato tunamjua bila kumuuliza umri. Ila huko pwani mnakula vitu vyenye miguu minane, hapo utaalamu wetu unaishia. Swali langu: wengi wetu hatuingii jikoni, samaki analetwa ameshachomwa na amemwagiwa ukwaju juu. Nitajuaje kama nimeuziwa mzee?

Dalali wa Diko

Ukwaju na pilipili nyingi ni nguo, samaki yuko chini yake. Sogeza kwa uma.

Samaki mzima aliyechomwa akiwa mbichi, nyama yake inaachia mfupa kwa vipande vinene vyenye maji maji. Aliyekaa sana anakuwa unga, au anakuwa mkavu kama pamba hata kama hakuungua. Jicho nalo linasema, kwa mbichi hutoka nje jeupe pe baada ya moto. Kwa asiyepikwa unajua mwenyewe: jicho limetuna na linang'aa, shavu jekundu, ukibonyeza kwa kidole panarudi, na harufu ni ya bahari. Ukisikia harufu kali ya kupanda puani, hasa kwa taa na papa, acha.

Kamba mawe, mnaomwita pia kamba kochi, tazama mkia. Akiingia jikoni mzima mkia hujikunja chini ya tumbo. Aliyekufa zamani mkia hulala tu, na nyama inabonyea mdomoni. Kamba wadogo, angalia kichwa: kikiwa cheusi na kinaning'inia, mrudishe. Kaa mnyanyue. Kaa mzito kwa umbo lake ana nyama, mwepesi utavunja magamba usiku kucha bila kushiba.

Na jihadhari na mnofu. Kipande cheupe bila ngozi, bila mfupa, kimeandikwa "nguru", kinaweza kuwa samaki yeyote. Ukiletewa kipande cha nguru chenye ngozi, ngozi yake ni nyororo, ya fedha, na mfupa uko katikati. Agiza hivyo.

Mama Wawili Tegeta

Nyie ningepata uzi huu mapema. Mwaka juzi tulikaa mahali pazuri, viti mchangani, taa kwenye chupa, mume wangu kajisikia. Kamba mawe kwenye menyu bei yake ikaonekana ya kawaida kabisa. Tukaagiza wawili. Bili ilipokuja nilidhani ni ya meza nzima ya Wataliano waliokuwa nyuma yetu. Kumbe pembeni kabisa, kwa herufi za kuhesabia kunguni, paliandikwa "kwa gramu 100".

Mume wangu alilipa kimya kimya. Ukimya ule mpaka Dar.

Dalali wa Diko

Pole sana dada. Mtindo huo upo na si uongo wa wazi, ndiyo maana kulalamika hakusaidii. Hesabu ni hii: bei ya gramu 100, kamba wa gramu 900, unazidisha mara tisa. Halafu kumbuka kamba mawe analipiwa na kichwa na gamba lake, nyama ya mkia ni kama theluthi ya uzito. Ndiyo sababu nasema apimwe mbele yako, na useme kwa sauti: "Huyu mmoja, akishapikwa, nalipa shilingi ngapi?" Shilingi. Kanuni za fedha za kigeni za Machi 2025 zinataka bei za ndani ya nchi ziwe kwa shilingi, kwa hiyo usikubali mambo ya dola na kubadilishiwa kwa kiwango cha mwenye duka.

Mpishi wa Makunduchi

Dalali nakuheshimu lakini umelipiga vita friza kupita kiasi. Mie mpishi, nimepika pweza tangu nikiwa chini ya mamangu. Pweza aliyetoka mwambani sasa hivi ukimtia sufuriani bila kumponda, atakutoa meno. Wazee walimpiga juu ya jiwe hadi akalegea. Friza linafanya kazi ile ile, barafu inavunja nyuzi za nyama. Pweza aliyegandishwa vizuri usiku mmoja, nikamchemsha kwa maji yake mwenyewe bila kuongeza hata kikombe, baadaye tui zito, ndimu na pilipili mbichi, utanisahau jina lakini hutasahau sahani.

Ubaya ni kugandisha, kuyeyusha, kugandisha tena. Na umeme. Waliokuwepo Unguja ilipokosa umeme kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 wanaelewa. Mgahawa wenye friza kubwa usio na jenereta unipe wali na maharage tu. Mteja hawezi kuona mgando wa pili, ila anaweza kuuliza, "Umeme ukikatika mnafanyaje?" Uso wa mhudumu utamjibu.

Dalali wa Diko

Kwa pweza nakubali, sheikh wangu. Kwa jodari na vibua sikubali hata kidogo.

Nesi wa Zamu

Naomba nishike hapo kwa jodari na vibua, maana wagonjwa wa aina hii tunawapokea na wao hudhani wamerogwa.

Jodari, vibua, nguru na ndugu zao wakikaa juani au kwenye boti bila barafu, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama. Ikishatengenezwa haiondoki: si kwa moto, si kwa friza, si kwa ndimu wala pilipili. Samaki anaweza kuonekana mzuri na kunukia vizuri. Unakula, na ndani ya dakika chache hadi saa moja au mbili uso unawaka, kichwa kinagonga, mwili unawasha na vipele, moyo unakimbia, wengine wanatapika au kuhara. Wengine husikia ulimi unawashwa kama wamekula pilipili isiyokuwepo. Ukisikia hivyo kwenye tonge la kwanza, weka chini, usimalize kwa sababu umelipia.

Mara nyingi inapita yenyewe kwa saa kadhaa na dawa za mzio kama setirizini husaidia. Lakini ukibanwa kifua, midomo ikivimba au ukiishiwa nguvu, usikae hotelini kusubiri, nenda hospitali. Huenda una mzio wa kweli wa kamba au kaa, na hilo halina mzaha.

Jingine ambalo si la mgahawani lakini wageni hualikwa vijijini: nyama ya kasa msiguse. Machi 2024 Kisiwa Panza, Pemba, walifariki watu tisa baada ya kuila, wanane kati yao watoto. Novemba 2021 walifariki saba huko huko Pemba. Na bunju, yule anayevimba, mwachieni bahari yake.

Sato wa Kirumba

Nimeanza kuhisi nikae zangu Mwanza.

Mzee wa Mtoni

Msitishane bwana. Twendeni Forodhani jioni, bustani mbele ya Beit el Ajaib, moshi, taa, watoto wanaruka baharini, mishkaki ya kila namna. Kuna raha kuliko hiyo?

Mama Wawili Tegeta

Forodhani kuna raha ya macho. Ile mishkaki imepangwa tangu saa kumi, imeshachomwa mara moja, ukichagua inarudishwa motoni. Ukiuliza jana ilikuwa wapi unaonekana una dharau.

Mzee wa Mtoni

Si kila meza. Mimi nakwenda magharibi ikishaingia tu, kabla watalii hawajajaa, na nasimama kwa mtu anayekata mbele yangu.

Mpishi wa Makunduchi

Mie mzaliwa na nawaambia hivi: Forodhani mwenyeji anakwenda kula urojo, juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu, na pizza ya Zanzibar. Angalia watu wa Mji Mkongwe wanapanga foleni wapi, uwafuate. Kamba mawe wa Forodhani anamtazama mgeni, mwenyeji hamnunui pale. Ukitaka samaki wa mjini nenda Darajani au soko la Malindi asubuhi uone mnada, halafu mtafute mama aliye karibu akukaangie. Hakuna mandhari lakini hakuna swali.

Dereva wa Amani

Niseme la upande wetu kabla hamjatutukana. Ndiyo, dereva na papasi, wale vijana wanaowaongoza wageni mitaani, wanapata kamisheni kwa baadhi ya migahawa. Inaingia kwenye bili yako, tusidanganyane. Lakini dereva huyo huyo anakula mchana kila siku, na hali pale anapokupeleka. Badala ya kumuuliza "mgahawa mzuri uko wapi", mwambie, "Leo nakununulia chakula, tukale unapokula wewe." Utapelekwa uchochoro wa Mwanakwerekwe au nyuma ya stendi, utakuta samaki wa kupaka na wali wa nazi kwa bei ya soda mbili za hoteli. Nimefanya hivyo na wateja wa Arusha, wakaacha kula hotelini kabisa.

Binti Usagara

Mimi nauliza kuhusu maoni ya mtandaoni, wengine ndio silaha yetu pekee. Nyota nne na nusu si kitu?

Dalali wa Diko

Ni kitu, ila zisome kwa jicho. Zile za nyota tano nyingi zinasifu machweo ya jua na mhudumu mcheshi. Mimi napanga kwa tarehe, nasoma za miezi mitatu ya karibuni, hasa za nyota mbili na tatu, kwa kuwa mtu wa nyota tatu hana hasira wala mapenzi. Halafu picha. Mtu akipiga picha ya bili, hiyo ina thamani kuliko insha yake. Na natafuta maoni ya Kiswahili. Mtu wa Temeke akisema wali ulikuwa mgumu, wali ulikuwa mgumu.

Binti Usagara

Na ule mgahawa ulio juu ya jiwe baharini? Ndoto yangu toka chuo.

Mtalii wa Ndani

The Rock, Michamvi Pingwe. Nenda dada, usiwasikilize hawa wazee wa dikoni. Kuna siku unakula samaki, kuna siku unakula mahali. Maji yakipwa unatembea kwa miguu hadi ngazini, yakijaa unavushwa kwa boti. Siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi jioni, kwa hiyo ukitaka picha ya jiwe likiwa limezungukwa na maji weka nafasi mchana wa kuchelewa. Weka mapema, meza ni chache. Bei ni ya jiwe, jiandae kisaikolojia.

Dalali anaongea kana kwamba kukaa mahali pazuri ni dhambi. Mimi na mke wangu tunafanya hivi: mchana tunakula kijijini kwa mama, jioni tunakwenda penye mandhari tunaagiza kinywaji na sambusa za kaa. Tunapata vyote na mfuko unapumua.

Dalali wa Diko

Sijasema dhambi. Nimesema usilipie mandhari ukidhani umelipia samaki. Mpango wenu wa mchana na jioni ni mzuri kuliko ushauri wangu wote, nauiba.

Shangazi wa Likoni

Wazanzibari mwajisifu sana, nasi tupo. Mkija Mombasa na Kwale mambo ni yayo kwa yayo, upepo ni mmoja na kusi haijui mpaka. Diani mikahawa ya pwani mingi imeandikwa kwa ajili ya wageni, na yule mkahawa wa ndani ya pango, Ali Barbour's, watu huenda kwa pango lenyewe, na si vibaya, nyota zaonekana juu. Lakini nikitaka kaa mimi naenda Watamu, Dabaso, pale Mida Creek. Kuna mkahawa wa jamii ya wenyeji, Crab Shack, wapita juu ya daraja la mbao katikati ya mikoko hadi ukingoni mwa maji. Kaa wanafugwa na kushughulikiwa hapo hapo. Sambusa zao za kaa, usiagize moja.

Na mkija kwa gari moshi kutoka Nairobi, jamani msikimbilie mkahawa wa kwanza mnaouona mkishuka. Pitieni kivuko, mje Likoni, samaki wa kukaanga jioni barabarani na viazi vya karai. Chagua mama mwenye mafuta meupe. Mafuta yakiwa meusi kama ya gereji, endelea mbele.

Mpishi wa Makunduchi

Hilo la mafuta liandikwe kwa wino mzito.

Kijana wa Kunduchi

Na wasio na nauli ya boti? Dar ipo. Soko la Feri pale Magogoni, asubuhi mnada, unanunua, kuna wa kukuparia na wa kukukaangia humo humo. Vaa viatu vinavyoziba, chini kuna maji. Au njoo Kunduchi boti zinaporudi. Bagamoyo jioni pia, samaki wa kukaanga ufukweni. Hakuna atakayekuletea menyu.

Mwalimu Jambiani

Nimesoma yote, nasikitika hakuna aliyetaja ukubwa. Wageni wanaagiza pweza na kuletewa sahani ya vipweza vidogo vidogo, miguu kama tambi, wanashangilia kwamba ni laini. Yule ni mtoto. Kanuni za uvuvi za Bara za 2009 zinakataza pweza wa chini ya nusu kilo, na huku visiwani vijiji kadhaa hufunga mwamba kwa miezi ili wakue. Pweza hukua haraka, ukimwacha miezi michache anarudi mara mbili tatu ya alivyokuwa. Siku mwamba unapofunguliwa ni sherehe, watu wanaingia majini pamoja na wanatoka na pweza wa kubeba begani.

Vivyo hivyo kamba mawe mwenye mayai chini ya mkia. Ukimwona kwenye sinia, mwambie mhudumu hapana, na mwambie kwa nini. Mteja mmoja akikataa, mhudumu atasahau. Wakikataa watano kwa wiki moja, mpishi atamwambia mnunuzi asilete tena. Dalali anajua namna habari inavyorudi dikoni.

Dalali wa Diko

Inarudi haraka, mwalimu. Hoteli moja ilipokataa wenye mayai, kesho yake dikoni bei yao ilianguka, na wavuvi wenyewe wakaanza kuwarudisha majini. Pesa ndiyo iliyowafundisha.

Binti Usagara

Swali la mwisho kwangu. Tukienda Ramadhani?

Mpishi wa Makunduchi

Mchana migahawa mingi ya mjini na vijijini inafungwa, utakula hotelini, na si adabu kula barabarani. Lakini jioni! Futari inatandazwa: pweza wa nazi, samaki wa kupaka, mihogo, magimbi, vitumbua, tambi za sukari. Mwenyeji akikualika usikatae. Migahawa ya watalii ya Nungwi na Paje mingi hubaki wazi. Samaki mchana ni wachache kidogo kwa kuwa watu wamefunga na jua ni kali, agiza kabla ya saa nane.

Sato wa Kirumba

Sawa, mmenishinda, nakuja. Tunafika Paje wiki ijayo siku moja baada ya mwezi mpevu, watu wanne, mtoto mmoja hali kitu chenye miguu mingi. Nipe mpango wa siku ya kwanza, Dalali, mimi natii.

Dalali wa Diko

Siku moja baada ya mwezi mpevu maana yake bamvua. Ngisi na dagaa wasahau, boti za taa zimepumzika. Asubuhi kunyweni chai, saa tatu na nusu tokeni ufukweni na viatu vya majini, maana kuna urchini, wale wa duara wenye miiba, na miiba yake haina huruma. Mtawaona wachokoaji wanaondoka. Msiwafuate juu ya mashamba ya mwani, zile kamba na vijiti ni kazi za watu.

Kabla ya hapo, ukiwa njiani, pita kwa mama yeyote wa kijijini anayepika, umwambie: jioni watu wanne, pweza wa nazi wa watu watatu, na changu mmoja wa kuchoma kwa ajili ya mtoto, wali wa nazi, kachumbari pembeni isiyo na pilipili. Mwulize bei yote pamoja, acha kianzio, mpe namba yako ya simu. Adhuhuri atakupigia akwambie kama pweza amepatikana. Akisema hajapatikana, mshukuru na ukubali alichonacho, huyo ni mtu wa kurudi kwake kesho.

Changu wa mtoto mwombe amchome bila ukwaju, na amtoe miiba ya ubavuni kabla ya kuleta. Changu naye ana miiba.

Sato wa Kirumba

Nimenakili kwenye simu. Nikirudi naleta picha ya bili hapa, muikague wote.

Mama Wawili Tegeta

Lete na ya gramu kama ipo.